Wakaaji na mpango wa mji wa Lubumbashi: barza, kamati, bajeti shirikishi, ramani au ombi la maandishi?

Lubumbashi inakua kwa pembeni. Mji ulipimwa tangu 1910 kwa avenyu zilizonyooka, na komini za zamani kama Kamalondo, Kenya na Katuba nazo zilichorwa kabla watu hawajajenga. Komini ya Annexe, inayozunguka nyingine sita, imekwenda kinyume: huko Kasapa, Luwowoshi, Kalebuka au Kisanga mara nyingi nyumba inatangulia, barabara inafuata, na mfereji unakuja mwisho kabisa, kama unakuja. Wakaaji wanaotaka sauti katika mpango wa mji wana njia kadhaa mbele yao, na kila shirika linalopita kwenye kartie (mtaa) huwasifia ile inayolipa bajeti yake. Hapa tunaziweka pamoja na kusema ipi inafaa wapi.

Kabla ya kuchagua, jiulizeni mambo matatu. Nani ana sahihi juu ya kitu mnachotaka? Anakitia sahihi mwezi gani? Na mkutano ukiisha, itabaki karatasi gani mezani kwake? Kikundi kisicho na majibu ya maswali hayo kitachoka bila kufika, hata kikiwa na watu mia tano.

Sahihi iko wapi

Makosa mengi yanaanza hapa. Watu wanamwandikia burgomesta, mkuu wa komini, kuhusu barabara ya Likasi au ya Kasumbalesa, kumbe hiyo ni barabara ya taifa namba 1 na iko chini ya Office des Routes. Avenyu kubwa za mji na mifereji yake mikuu ni kazi ya OVD, yaani Office des Voiries et Drainage. Njia ndogo za ndani, masoko madogo, taka na mifereji ya kando ya avenyu za kartie ndiyo mambo ya komini. Mipaka ya parseli, yaani viwanja, iko kwa kadasta (ofisi ya kupima ardhi) na kwa konsevateri wa hati za ardhi, na ruhusa ya kujenga iko kwa idara ya mipango miji, ile ya urbanisme.

Kuna jingine ambalo shefu wa kartie mwenyewe hapendi kulisema mbele ya watu. Kwa sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008, mji na komini vina utu wa kisheria na bajeti yao wenyewe. Kartie haina. Shefu wa kartie anateuliwa, hachaguliwi, na hana mfuko wa kujenga hata daraja la mbao. Barua iliyoishia kwake imeishia kwa mpeleka habari. Mheshimuni, mpitieni, chukueni muhuri wake, lakini anwani ya barua iwe ya burgomesta au ya meya.

Upande wa Annexe kuna na chifu wa mila. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 iliweka ardhi yote mikononi mwa Serikali, na hati inayokulinda kwa kweli ni cheti cha usajili. Karatasi ya chifu inaweza kueleza jinsi ulivyoingia, lakini haikupi haki juu ya njia, wala haiwezi kugeuza kiwanja cha shule kuwa parseli. Kartie iliyouziwa hivyo ikitaka kuingia kwenye mpango wa mji, suala la kwanza litakuwa nafasi za umma zilizobaki, kabla ya lami na kabla ya taa.

Barza ya kartie

Ni njia ya haraka na ya rahisi, na ndiyo inayopotea bure kuliko zote. Barza, yaani mkutano wa wazi wa wakaaji, inafaa kwa mambo mawili: kusikia matatizo ambayo ofisi haiyajui, na kuwapa watu nafasi ya kukataa kitu hadharani. Haifai kwa kupanga vipaumbele, maana mwenye sauti kubwa ndiye anashinda.

Hesabu ya muda inaonyesha kwa nini. Mkutano wa saa mbili una dakika 120. Ondoa 20 za ufunguzi na salamu, ondoa 20 za kusoma maamuzi, zinabaki 80. Kwa dakika mbili kila mtu ni wasemaji 40, na hakuna anayesema dakika mbili. Wakija 200, basi 160 watarudi nyumbani bila kufungua mdomo. Gawanyeni watu katika vikundi vya nane hadi kumi kwa dakika 40, kila kikundi kilete mambo matatu tu, na wanawake wawe na kikundi chao kimoja au viwili. Halafu ndiyo barza yote isikilize.

Siku nayo inachagua watu. Mkutano wa Jumatano saa nne asubuhi unapata wastaafu na wagombea wa kesho. Wamama wa soko wako sokoni, wafanyakazi wa migodi wako zamu, na vijana wako kwenye pikipiki za abiria. Jumapili baada ya misa na ibada ndiyo saa yenye watu wa kila aina. Kosa jingine: tangazo linaloita "wenye parseli". Katika Kenya na Katuba parseli moja inaweza kuwa na nyumba nne za wapangaji, na hao ndio wanaochota maji na kuruka mfereji kila siku. Tangazo liseme "wakaaji wote".

Mpeni burgomesta barua ya kumjulisha siku, saa na mahali, mbaki na kopi iliyopigwa muhuri. Wekeni waandishi wawili, mmoja kwa Kiswahili na mwingine kwa Kifaransa, kwa sababu watu wanazungumza Kiswahili na ofisi inasoma Kifaransa, na kinachopotea kati ya lugha hizo mbili ndicho mlichokuja kusema. PV, yaani kumbukumbu ya mkutano, isomwe kwa sauti kabla watu hawajaondoka na itiwe sahihi hapo hapo. Barza ambayo mpiga picha alikuja na mwandishi hakuja ilikuwa ya picha.

Kamati ya maendeleo ya kartie

Barza ni siku moja, kamati ni miaka. Ina faida ambayo njia nyingine hazina: inakumbuka. Burgomesta akibadilishwa (na wamekuwa wakiteuliwa na kuondolewa kutoka Kinshasa), kamati ndiyo inayomwekea mpya faili mezani.

Watu tisa au kumi na mmoja wanatosha, namba witiri ili kura isigande. Msichague kwa majina tu. Gaweni kartie kwa vipande vya avenyu na kila kipande kilete mtu wake, angalau theluthi wawe wanawake na wawili wawe wapangaji. Muda wa kazi uwe miaka miwili. Mweka hazina asiwe ndugu wa mwenyekiti. Na hili tunalisema wazi: anayeuza parseli, au anayepata kamisheni kwenye mauzo ya parseli, asikae katika kamati inayozungumza juu ya nafasi za umma. Kamati nyingi za Annexe zinafia hapo, kimya kimya.

Zinafia pia kwenye "transporo". Shirika likija na pesa ya usafiri kwa kila kikao, kamati inajifunza kukaa. Pesa ikiisha, kikao kinaisha. Kama mnapokea, wekeni ndani ya mfuko wa kamati kwa kopi, mita na karatasi, na semeni kiasi mbele ya barza.

Bajeti shirikishi

Hapa ndipo ahadi ni kubwa na masharti ni mengi, kwa hiyo tukae kidogo.

Wazo lilianza Porto Alegre, Brazil, mwaka 1989: wakaaji wanajadili sehemu ya bajeti ya mji na kupiga kura juu ya kazi zitakazofanywa. Kwetu Kongo, Kivu Kusini ilijaribu mwanzoni mwa miaka ya 2010, na Ibanda, moja ya komini tatu za Bukavu, ilikuwa ndani ya jaribio hilo. SMS zilitumika kualika watu kwenye mikutano na kutangaza maamuzi. Simu ilisaidia sana kuita watu. Lakini haiwezi kuleta pesa isiyokuwepo, na hilo ndilo swali la kwanza la Lubumbashi.

Komini inapata pesa wapi? Kwenye kodi na ada zake yenyewe: masoko, parkingi, hati ndogondogo. Kuna pia sehemu ya mapato ya taifa. Katiba inaipa jimbo 40%, na katika hiyo sheria ya 2008 inazipa entite za chini kama miji na komini 40%. Kwenye karatasi. Katika kazi pesa hiyo huja kidogo, huja imechelewa, au haiji. Halafu kuna mrabaha wa madini, ile redevansi: Sheria ya migodi iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inagawa 50% kwa Serikali kuu, 25% kwa jimbo, 15% kwa entite ambamo mgodi unachimbwa, na 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Komini yenye mgodi ndani ya mipaka yake, kama Ruashi, ina sababu ya kuzungumza bajeti shirikishi kwa nguvu. Kamalondo haina mgodi. Ikitaka bajeti shirikishi itegemee mapato yake yenyewe, basi ianze na kiasi kidogo.

Kanuni yetu ni kupigia kura tu pesa ambayo komini inaikusanya yenyewe, pamoja na mrabaha uliokwisha kuingia. Kazi zinazosubiri pesa ya Kinshasa ziwekwe kwenye orodha ya pili, na watu waambiwe kwamba ni orodha ya kusubiri. Kura iliyopigwa juu ya pesa isiyokuja inaua bajeti shirikishi kwa miaka mitano, hakuna atakayerudi kwenye mkutano wa pili.

Kalenda nayo inabana. Mwaka wa bajeti unaanza tarehe 1 Januari, kwa hiyo mijadala ya kartie ifanyike Juni na Julai, makadirio ya gharama Agosti, kura Septemba, na burgomesta aingize kazi zilizoshinda katika mradi wa bajeti kabla haujafungwa. Januari ni katikati ya mvua. Hakuna anayechimba mfereji wa zege Februari katika udongo mwekundu wa Annexe. Kazi iliyopigiwa kura Septemba itachimbwa kuanzia Mei inayofuata, na watu wajue hilo mapema, la sivyo Januari wataanza kusema pesa imeliwa.

Makadirio ndiyo sehemu inayorukwa zaidi. Tuchukue mfereji wa zege wa mita 100 kando ya avenyu, wenye nafasi ya ndani sentimita 60 kwa upana na 60 kwa kina, kuta na sakafu za sentimita 15. Ukikata umbo lake, nje ni sentimita 90 kwa 75, yaani mita za mraba 0.675, ndani ni 0.36, zege yenyewe ni 0.315. Kwa mita 100 ni meta za ujazo 31.5 za zege, na udongo wa kuchimba ni karibu 68. Kwa kipimo cha kilo 350 za saruji kwa kila meta ya ujazo, ni mifuko saba ya kilo 50, jumla mifuko 220 na kidogo. Hapo hatujahesabu nondo, mchanga, kokoto, mbao za kufungia, mafundi, wala vifuniko mbele ya milango. Sasa pigeni bei ya saruji ya wiki hii mara 220 na mlinganishe na kiasi ambacho komini imetenga. Kartie nyingi zinagundua hapo hapo kwamba zilikuwa zinaomba kilomita mbili kwa pesa ya mita 150. Ni afadhali kugundua Agosti kwenye karatasi kuliko Juni mtaroni.

Jambo la mwisho: kura ikishapita, chagueni watu watatu wa kufuata kazi, wenye kopi ya makadirio. Kazi yao ni kuhesabu mifuko inayoshuka kwenye lori na kupima unene wa kuta kabla hazijafunikwa. Mfereji wenye sakafu ya sentimita nane unaonekana mzuri siku ya uzinduzi na unapasuka mvua ya pili.

Ramani shirikishi

Ofisi ikiwa na ramani ya zamani, kartie mpya ni msitu mbele ya macho yake. Ramani iliyotengenezwa na wakaaji inabadilisha hilo kwa gharama ndogo, na inabaki kama ushahidi.

Timu ni watu wanne: mmoja anashika simu, mmoja mita ya kamba ya mita 30 au 50, mmoja anaandika kwenye karatasi, na mmoja anasalimia watu mlangoni. Huyo wa nne ndiye muhimu kuliko wote. Awe mama au mzee anayejulikana, maana watu wakiona simu na mita wanafikiri kadasta imekuja kubomoa au kodi imekuja kuhesabu. Aanze kwa kueleza kinachopimwa na kisichopimwa.

Pimeni kwanza maji. Kati ya Januari na Machi, pitieni avenyu siku moja baada ya mvua kubwa na mweke alama nne: maji yanaingilia wapi, yanasimama wapi, yalifika urefu gani ukutani, na yanatokea wapi. Urefu ukutani ulizeni kwa majirani watatu tofauti, kisha pimeni kwa mita. Alama ya matope mara nyingi bado iko. Baada ya hapo wekeni upana wa njia kila mita 50, vizuizi (choo, ukuta, kibanda), nguzo za umeme za SNEL, bomba na robine za maji za REGIDESO, visima, na nafasi wazi zilizobaki.

OpenStreetMap, ramani huru iliyoanza 2004, inapokea njia, mifereji na visima, na programu kama StreetComplete na OsmAnd zinafanya kazi kwa simu ya kawaida. OsmAnd hata bila mtandao, ukishapakua ramani nyumbani. Kwa maswali marefu zaidi KoboToolbox inatosha. Kumbukeni ramani huru inasomwa na kila mtu. Msiandike jina la mwenye parseli, wala nyumba ya mjane anayeishi peke yake, wala mahali pesa ya likelemba (mchango wa zamu) inapowekwa.

Na kitu kimoja simu haiwezi: mipaka ya parseli. GPS ya simu inaweza kukosea mita tano hata chini ya anga wazi, na mita tano kwenye parseli yenye upana wa mita kumi na tano ni theluthi yake. Mkianza kuchora mipaka ya watu kwa simu, mtakuwa mmegeuza kazi ya mfereji kuwa ugomvi wa majirani. Chapisheni ramani kwa A3, nakala tatu: moja ya burgomesta, moja ya idara ya mipango miji, moja ibandikwe kwa shefu wa kartie ili watu wasahihishe kwa kalamu kwa wiki mbili. Masahihisho hayo ni ya maana kuliko upimaji wa kwanza.

Ombi la maandishi

Hii ndiyo njia iliyo na nguvu ya kisheria zaidi, na inatumika kidogo mno. Kifungu cha 27 cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma, peke yake au pamoja na wengine, na mamlaka inatakiwa kujibu ndani ya miezi mitatu. Kifungu hicho hicho kinakataza mtu kushtakiwa kwa sababu ya kupeleka ombi. Taja namba ya kifungu katika sentensi ya kwanza ya barua. Inabadilisha namna barua inavyopokelewa.

Ombi zuri linaomba kitu kimoja. Linganisha: "Tunaomba serikali itukumbuke kwa barabara, maji, umeme na usalama." Na hili: "Tunaomba komini ifungue upya mfereji wa mita 180 kando ya avenyu yetu, uliozibwa na ukuta kwenye kona ya soko, kama ramani iliyoambatanishwa inavyoonyesha, maji yalifika sentimita 45 ndani ya nyumba 23." La kwanza linajibiwa kwa "tumesikia". La pili lazima mtu atoke ofisini akaone.

Kila karatasi ya sahihi iwe na maandishi ya ombi juu yake, ili asiwepo wa kusema sahihi zilikusanywa kwa jambo jingine. Safu nne zinatosha: jina, avenyu na namba ya parseli, namba ya kadi ya mpiga kura, sahihi au kidole. Sahihi 80 za watu wa avenyu zinazoguswa zina uzito kuliko 2,000 zilizokusanywa sokoni. Barua iwe ya Kifaransa, na isomwe yote kwa Kiswahili kabla mtu hajatia kidole.

Pelekeni nakala mbili sekretarieti, mrudi na moja yenye muhuri, tarehe na sahihi ya aliyepokea: akuze ya mapokezi. Miezi mitatu inahesabiwa kuanzia hapo. Bila akuze hakuna miezi mitatu. Wiki ya sita, andikeni ukumbusho mfupi. Miezi ikiisha bila jibu, pelekeni faili lote kwa mbunge wa jimbo wa upande wenu mkimwomba aulize swali la maandishi kwa waziri wa jimbo anayehusika, au kwa washauri wa komini pale walipo, maana Desemba 2023 ndiyo mara ya kwanza chini ya Katiba hii wapiga kura wa miji mikuu kadhaa ya majimbo kuitwa kuwachagua. Msipeleke kopi kwa watu kumi na watano mara moja. Kila mmoja atadhani mwenzake anajibu.

Uchunguzi wa umma wa mradi

Hii haichaguliwi, inakuja na mradi. Sheria ya mazingira namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inataka mradi unaoweza kudhuru mazingira ufanyiwe uchunguzi wa umma kabla, na masomo ya athari yakaguliwe na ACE, wakala wa mazingira wa taifa. Kiwanda, jalala, upanuzi wa mgodi, barabara kubwa: vyote vinaingia. Dirisha ni fupi. Siku mnayosikia tangazo, andikeni tarehe ya kufungwa na muombe muhtasari wa somo la athari. Maoni yapelekwe kwa maandishi, yakitaja ukurasa. Maneno ya mdomo kwenye ukumbi wa hoteli yanaandikwa na kampuni iliyolipia ukumbi.

Kwa mgodi ongezeni kahie (daftari) ya majukumu ya kampuni iliyotiwa sahihi na wawakilishi wa jamii, na mchango wa angalau 0.3% ya mauzo ya kampuni kwa miradi ya jamii. Muombe kuona kahie yenyewe, yenye tarehe za kazi, si muhtasari wa ukutani.

Kwa mtazamo mmoja

| Njia | Anayeamua | Muda hadi matokeo | Kinachobaki mkononi | Inavunjika wapi |
|---|---|---|---|---|
| Barza | Hakuna | Siku moja | PV, kama imeandikwa | Wachache wanasema, hakuna ufuatiliaji |
| Kamati | Kamati yenyewe, kwa ushauri | Miaka miwili | Faili na kumbukumbu | Transporo, wauzaji wa parseli |
| Bajeti shirikishi | Wakaaji na komini | Karibu mwaka | Mstari kwenye bajeti | Pesa isiyokuja |
| Ramani | Hakuna, ni ushahidi | Wiki sita hadi kumi | Ramani A3 na data | Kugusa mipaka ya parseli |
| Ombi | Mamlaka iliyoandikiwa | Miezi mitatu | Akuze na jibu | Kuomba mambo mengi |
| Uchunguzi wa umma | Mamlaka ya mradi | Tangazo hadi kufungwa | Maoni ya maandishi | Kuchelewa kusikia |

Basi mshike ipi

Kartie mpya ya Annexe, isiyo na mfereji wala nafasi ya shule: ramani kwanza, ombi baadaye. Msianze na barza kubwa. Mkiwa bado hamna ramani, barza itazungumza juu ya kila kitu na mwuzaji wa parseli atakuwa amekaa mbele. Ombi la kwanza liwe la kulinda nafasi wazi zilizobaki, kabla ya kuomba barabara. Barabara inaweza kuja miaka kumi baadaye na kupita. Kiwanja cha shule kikishajengwa nyumba, hakirudi bila kubomoa.

Katuba, Kenya, Kamalondo, ambako avenyu zipo na mifereji imezibwa: kamati ndogo na ombi moja kwa kila kizuizi. Bajeti shirikishi huko ijaribiwe kwa kiasi kidogo, kwa mfano taka za soko au daraja moja, mpaka watu waone mzunguko mmoja umekamilika.

Ruashi na sehemu nyingine zenye mgodi: bajeti shirikishi ndiyo yenu, kwa sababu pesa ina jina na asilimia inayojulikana. Ila kabla ya kura yoyote, muombe burgomesta kwa ombi la kifungu cha 27 atangaze kiasi cha mrabaha kilichoingia mwaka uliopita na kilivyotumika. Bila namba hiyo mnapiga kura gizani.

Mji mkubwa ukitangaza mpango mkuu mpya wa maendeleo, msisubiri kualikwa kwenye semina. Ramani yenu, PV moja iliyotiwa sahihi na ombi lenye akuze vipelekwe pamoja kwa idara ya mipango miji na kwa ofisi ya meya ndani ya mwezi wa kwanza, maana wachoraji wakishafunga ramani ya msingi, kubadilisha njia moja kunahitaji barua kumi. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina Observatoire du Changement Urbain inayofuatilia maisha ya mji. Mwanafunzi mmoja wa huko au wa jiografia anayekaa kwenye kartie yenu anaweza kuwasomea ramani ya wachoraji kabla hamjaandika maoni.

Na kama mna nguvu ya kitu kimoja tu mwaka huu, andikeni ombi, na mlipeleke Juni.